Sheshe na mpunga wagombea ardhi moja Kilombero

WENYE mitaji midogo ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakinunua mashamba ya mpunga kwa maneno matupu katika bonde la Kilombero, sasa wana sababu ya kudai ramani kabla ya kufungua pochi. Mwaka 2023 Serikali ililipandisha hadhi Pori Tengefu la Kilombero na kulifanya Pori la Akiba, eneo la karibu kilometa za mraba 7,000. Ndani ya mipaka hiyo hakuna tena ruhusa ya kulima, kulisha ng'ombe wala kujenga. Aliyelipia shamba lililoangukia upande usiofaa wa kigingi hana shamba. Ana karatasi.

Kwa soko la mchele jambo hili si dogo. Mchele wa Kilombero una jina lake Dar es Salaam na Morogoro, na wapo wateja ambao hawaulizi bei mpaka waambiwe kwanza kama ni wa Kilombero kweli. Zamani kilichokuwa kikipunguza kasi ya wanunuzi ni usafiri. Mzigo wa Ulanga na Malinyi ulivuka mto kwa pantoni, na gari likichelewa hapo kivukoni faida yote ilikuwa imeliwa na siku. Mei 2018 lilifunguliwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384, na pantoni ikabaki kuwa hadithi. Baadaye barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilometa zipatazo 67, nayo ikaanza kupata lami. Njia ikifunguka, bei ya ardhi hufuata, na ardhi ikipanda bei wauzaji huzaliwa kila kona, wakiwamo wanaouza kisicho chao.

Tatizo ni kwamba sehemu inayotafutwa na mkulima wa mpunga ndiyo hiyo hiyo inayotafutwa na mnyama mmoja ambaye wakazi wengi wa mijini hawajapata kumwona: sheshe.

Mnyama wa ukingoni

Sheshe ni jamii ya paa wakubwa wenye rangi ya dhahabu iliyokoza. Dume peke yake ndiye mwenye pembe. Wako Zambia, wako wachache Malawi na kwingineko, lakini mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, ule wa Ramsar, ulipoliorodhesha bonde la Kilombero mwaka 2002 ulieleza kwamba karibu asilimia 75 ya sheshe wote duniani wanaishi hapa. Kwa lugha ya soko, hili ni ghala ambalo karibu lina mzigo wote.

Bonde lenyewe ni uwanda wenye urefu wa kilometa zipatazo 260, na mahali penye upana mkubwa hufika kilometa 52. Mito ya Ruhudji na Mnyera huteremka kutoka nyanda za juu za Njombe. Mpanga, Kihansi, Ruipa na Lumemo hutoka upande wa milima ya Udzungwa, na mingine hutoka milima ya Mahenge. Yote hukutana katika uwanda huu, na mvua za masika zikikolea mto hupanda kingo na uwanda kugeuka ziwa. Maji yakishuka huacha tope jipya, majani mabichi na mabwawa yenye kambale na perege.

Kiangazi sheshe hukaa katikati, karibu na maji. Masika yakija na uwanda ukafunikwa, hana pa kwenda isipokuwa pembezoni, kwenye ukanda mwembamba ulio kati ya maji na miombo. Ukanda huo ndio mkulima anaoupenda, maana maji hufika bila kuzamisha mche. Mfugaji naye huutaka kwa majani yake. Ukijaa mpunga na ng'ombe, sheshe hubanwa kati ya mafuriko na jembe.

Ndivyo ilivyokuwa. Makadirio ya miaka ya 1990 yalitaja sheshe kwa makumi ya maelfu; hesabu za angani zilizofuata katika miaka ya 2000 na 2010 zilionyesha idadi imeporomoka, na maeneo waliyoonekana makundi kwa makundi yalikuwa sasa na mazizi na majaruba.

Si sheshe peke yake. Mwaka 1990 wataalamu wa ndege walitangaza mnana wa Kilombero, ndege wa manjano anayefuma kiota kwenye matete ya mto huu na ambaye hapatikani kwingine kokote duniani. Ndege wengine wawili wadogo wa majani marefu, ambao walijulikana kwa miongo kadhaa bila majina rasmi, walipewa majina mwaka 2021. Katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 ikiwa na kilometa za mraba 1,990, wamo mbega mwekundu wa Iringa na mangabe wa Sanje, kima ambaye sayansi ilimfahamu mwaka 1979 tu. Mtu akisimama Mang'ula barabarani, msitu wa mlimani uko mkono mmoja na mashamba ya miwa na mpunga mkono wa pili.

Sheria ilibadilika, mnunuzi hakusikia

Pori Tengefu la Kilombero lilitangazwa mwaka 1952. Kwa muda mrefu hadhi hiyo ilimaanisha jambo moja tu, kwamba uwindaji unahitaji kibali. Watu waliishi ndani, walilima, walivua, na vijiji vilisajiliwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ndiyo iliyogeuza mambo kwa kukataza kilimo na malisho katika mapori tengefu. Hapo vijiji vikajikuta ndani ya mipaka ambayo awali haikuwasumbua.

Wakati huo huo bonde lilikuwa limepokea wafugaji wengi, wengine wakitoka Usukumani na wengine wakiwa wamehamishwa Usangu mwaka 2006. Mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni kubwa ya kuondoa mifugo. Ng'ombe waliuzwa kwa haraka na kwa bei ya kutupa, na waliofaidi ni wachuuzi waliokuwa na fedha taslimu mfukoni. Baada ya hapo ukafuata mradi wa miaka kadhaa, ukigharimiwa na Ubelgiji na Umoja wa Ulaya, wa kupima upya mipaka na kuandaa mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji. Uamuzi wa mwaka 2023 ni hatua ya mwisho ya safari hiyo ndefu.

Haifai kuficha kwamba wako waliopoteza. Familia iliyofungua shamba miaka ya 1980 na kulilima mfululizo haioni tofauti kati ya mpaka wa mwaka 1952 na ule wa juzi. Inachoona ni jembe lililowekwa chini. Lakini kwa mnunuzi wa kutoka nje hoja ni nyingine. Yeye hana ukongwe wa kudai. Akinunua leo ndani ya pori, hakuna serikali ya kijiji yenye uwezo wa kumpa hati, kwa kuwa ardhi hiyo si ya kijiji tena, na hakuna benki itakayoipokea kuwa dhamana.

Walanguzi wa ardhi wanalijua hilo vizuri. Ndiyo sababu mashamba ya ndani huuzwa kwa bei nafuu kuliko ya jirani yake yaliyo nje, na mgeni hudhani ameokota dodo chini ya mwarobaini. Bei ya chini isiyoelezeka, katika ardhi kama katika nguo za mtumba, huwa na sababu yake.

Chura aliyesimamisha maji

Anayedhani hifadhi ni mambo ya watalii na haihusu mahesabu, na asome habari ya Kihansi.

Mto Kihansi huanguka kutoka ukingo wa Udzungwa na kuingia katika bonde la Kilombero. Maporomoko yake yalivutia wahandisi, na katikati ya miaka ya 1990 ulianza ujenzi wa kituo cha umeme chenye uwezo wa megawati 180, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Wakati huo nchi ilikuwa na njaa ya umeme. Mgawo uliviumiza viwanda na vinyozi bila ubaguzi. Hakuna aliyeona sababu ya kusita.

Mwaka 1996, ujenzi ukiendelea, watafiti walikuta chini ya maporomoko kipande cha ardhi chepechepe kisichozidi hekta 2 hivi, kinacholowa saa zote kwa manyunyu ya maji yanayoanguka. Humo mlikuwa na chura wa manjano asiyefika sentimeta 3, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1998. Dunia nzima hakuna mahali pengine alipopatikana.

Mitambo ilipoanza kazi mwishoni mwa mwaka 1999 na mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye handaki na manyunyu yakakauka. Ndipo gharama ambazo hazikuwa kwenye bajeti zikaanza kuingia. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwa ndege kwenda Marekani ili kizazi kisipotee. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa korongoni kuiga manyunyu ya asili. Sehemu ya maji ikaamriwa iachwe ipite mtoni, na maji yanayopita mtoni hayazungushi mashine. Ukaanzishwa mradi mzima wa mazingira, wenye wataalamu, magari na mkopo wake.

Hata hivyo chura hakupona. Kwa muda walionekana kuongezeka, kisha kati ya mwaka 2003 na 2004 wakafa kwa ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukatajwa kuwa sababu kubwa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 vyura 100 wa kizazi kilichotunzwa Marekani walirudishwa nchini na kuwekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni kidogo kidogo.

Wapo waliocheka kwamba nchi inakosa umeme kwa ajili ya chura. Mhasibu hacheki. Tathmini ya mazingira iliyofanywa vizuri kabla ya kuchimba handaki ingeligundua korongo lile mapema, na kiasi cha maji ya kuacha kingejumuishwa katika hesabu za mradi tangu siku ya kwanza. Badala yake gharama ilikuja baadaye, ikiwa na riba. Kilichougharimu mradi huu ni kutokuuliza kwa wakati.

Maji ya bonde, umeme wa nchi

Kihansi ni tawi moja tu. Mto Kilombero wenyewe huchangia takriban asilimia 62 ya maji yote ya mto Rufiji, ijapokuwa eneo lake ni sehemu ndogo tu ya bonde zima la Rufiji. Kule chini limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, ambalo mashine zake za kwanza zilianza kuzalisha mwaka 2024. Kwa maneno mengine, mwenye mashine ya kukoboa Mbagala anategemea maji yaliyotulia kwanza kwenye matete anamolala sheshe.

Uwanda ule hufanya kazi ya sifongo. Hupokea mafuriko, huyapunguza kasi, huacha tope na kuyatoa maji taratibu kadiri kiangazi kinavyoendelea. Ukilimwa wote na kuchimbwa mifereji ya kukausha, maji yatashuka kwa kishindo masika na kupungua mapema kiangazi, na mchanga utafuata. Hiyo ndiyo hoja iliyoipa hifadhi nguvu Serikalini kuliko pembe za sheshe, na mwekezaji anayengoja siasa ibadilike ili pori lifunguliwe tena afadhali atafute shughuli nyingine. Serikali iliyotumia matrilioni ya shilingi bwawani haitakuwa na haraka ya kuachia chanzo chake.

Walioacha nafasi

Si kampuni zote zilizogombana na mazingira ya bonde hili. Kampuni ya mitiki ya Kilombero, iliyoanzishwa mwaka 1992 kwa mtaji wa shirika la maendeleo la Uingereza, ilipata ardhi ya hekta zipatazo 28,000. Ilipanda mitiki kwenye takriban hekta 8,000 tu, na sehemu kubwa iliyobaki ikaachwa kuwa msitu wa asili na ardhi chepechepe. Wengine waliona ni kupoteza ardhi. Lakini mitiki huvunwa baada ya miaka 20 na zaidi, na mnunuzi wa Ulaya huuliza mbao imetoka katika shamba la namna gani. Ardhi isiyolimwa ililinda soko.

Msitu wa Magombera, hekta zipatazo 2,600 kati ya miwa na reli ya TAZARA, nao ulikaribia kwisha. Sehemu yake ilikuwa katika ardhi ya Kampuni ya Sukari Kilombero. Fedha za mashirika ya hifadhi ya nje zilitumika kuinunua, na mwaka 2019 msitu mzima ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Kinyonga mmoja wa msitu huo alitambulika kisayansi mwaka 2009 tu.

Kuna pia suala la tembo. Kwa vizazi wamekuwa wakivuka bonde kati ya Udzungwa na Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Miwa, mpunga, reli na barabara viliziba njia zao karibu zote. Katika eneo la Mang'ula wanakijiji walikubali kuachia ukanda mwembamba, wenye mashamba wakalipwa fidia, uzio wa umeme ukawekwa pembeni, na barabara ya Kidatu hadi Ifakara ikajengewa njia ya tembo kupita chini yake, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Mkulima ambaye heka yake imewahi kupitiwa na tembo usiku mmoja kabla ya mavuno hahitaji kuelezwa faida ya uzio huo.

Fedha zinatoka wapi

Swali gumu zaidi ni nani anayelipa. Udzungwa haina barabara za kuzungushia watalii magari. Mgeni hutembea kwa miguu hadi maporomoko ya Sanje, yenye meta 170, na wageni wa aina hiyo ni wachache. Pori la Kilombero kwa miaka mingi limetegemea uwindaji wa kitalii. Tangu mwaka 2019 vitalu vya uwindaji nchini vimekuwa vikinadiwa kwa njia ya kielektroniki, na mnada hauna huruma. Kitalu kisicho na wanyama hakipati mnunuzi, kisicho na mnunuzi hakileti fedha za askari, na kisicho na askari hurudi kuwa malisho. Sheshe akiendelea kupungua, mapato ya kumlinda hupungua pamoja naye.

Vijiji vinavyopakana na pori vimekuwa vikiahidiwa mgawo kupitia jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, na katika bonde hili ipo ya ILUMA. Ahadi ni nzuri, ila mwanakijiji hulinganisha mgawo huo na magunia ambayo heka moja ya mpunga ingempa. Mpaka hapo mgawo utakapokaribia magunia hayo, kazi ya kulinda mipaka itabaki ya askari wa TAWA peke yao, na askari hawatoshi.

Heka chache, magunia mengi

Kwa mwenye mtaji, njia iliyobaki wazi ni kuongeza magunia kwa heka, si heka zenyewe. Kituo cha utafiti cha KATRIN, karibu na Ifakara, kilitoa mbegu ya SARO 5 mwaka 2002, ambayo ikipata maji na mbolea huzidi mbali mbegu za kienyeji kwa mavuno, ingawa walaji wengi bado husifu harufu ya Supa. Kilimo shadidi, cha kupanda mche mmoja mmoja kwa nafasi na kuacha shamba likauke kwa vipindi, hupunguza mbegu na maji kwa pamoja.

Ukubwa wa shamba peke yake haujawahi kuwa dawa. Shamba la Mngeta, hekta 5,818, lilichukuliwa na wawekezaji kutoka Uingereza mwaka 2008, likiwa na mashine, ghala na kinu cha kisasa, na likatajwa katika kila mkutano wa wawekezaji wa ukanda wa kusini. Lilishindwa kulipa mikopo yake.

Mnunuzi anayekusudia kuingia bondeni msimu huu ana hatua za kufuata kabla ya kutoa malipo. Aulize serikali ya kijiji kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi uliosajiliwa, na shamba analoonyeshwa limo katika fungu gani. Aende ofisi ya ardhi ya halmashauri, iwe Ifakara Mji, Mlimba, Ulanga au Malinyi, alinganishe na tangazo la mipaka ya Pori la Akiba. Atembee hadi kwenye kigingi akione kwa macho, akiwa na kipimo cha setilaiti ambacho siku hizi kimo hata kwenye simu. Kama anakusudia kumwagilia, aombe kibali cha kutumia maji kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji kabla ya kununua pampu, maana pampu isiyo na kibali hukamatwa.

Asiyetaka yote hayo anaweza kubaki kwenye biashara ya kununua na kuhifadhi. Mavuno hushuka kuanzia Mei hadi Julai, bei ikiwa chini kwa sababu wakulima wanadaiwa na kila mmoja anauza kwa wakati mmoja. Hupanda tena kuelekea mwisho wa mwaka ghala zikianza kupungua. Ghala kavu lililo juu ya njia ya mafuriko ya Lumemo linahitaji mtaji mdogo kuliko shamba, wala sheshe hana haja nalo.